Orodha ya Mali Zisizohamishika

Ofisi imenituma na kalamu na fomu
nikahesabu viguzo vya kufungia vyombo
kule chini ya mteremko wa Chake, bandari ya zamani
ambayo maji yake siku hizi huja kwa mwaliko:
bamvua mbili kwa mwezi, yakikumbuka.
Siku zilizobaki ni tope, kaa na mikoko.

Daftari linasema viguzo ishirini na viwili.
Mimi nimeona kumi na saba.
Cha kumi na nane nimejikwaa nacho, kidole gumba,
nikakiandika kwa hasira: kipo, imara.

Fomu ina safu ya HALI.
Niliandika "kimeinama", kisha nikafuta.
Kimeinama kama mtu anayesikiliza ya jirani
na hataki aonekane anasikiliza.
Safu ni nyembamba, haitoshi.

Kile cha karibu na banda la barafu
kinamshika mbuzi wa Bi Mize, jina lake Hakimu.
Hakimu huzunguka, huzunguka,
mpaka kamba imwishie, shavu kwa nguzo,
wakatazamana. Wote wawili wana ndevu:
za huyu singa, za yule chaza.

Kingine (sifuati mpango, tope halina mpango)
ni mwamba wa goli. Mwenzake ni kandambili.
Watoto wameniapia kimeokoa mabao mengi kuliko Makame, kipa.
Makame alikuwepo. Hakukanusha.

Kimoja kimevaa ndoo kichwani.
Kimoja kina rangi za kampeni, huku za hawa, huku za wale,
na mpaka leo hakijasema kilimpa nani.

Kimoja hakina kitu.
Hapo nilikaa.
Shingoni kina kovu la kamba, limezama,
laini kama mdomo wa kinu.
Miaka mingapi ya kuvutwa, ili mwingine asiende?
Nikatia kidole, kikaenea.
Ndani mlikuwa na konokono, akanifungia mlango.

Faki Kombo, mtega kaa, aliniuliza:
"Mnataka kuving'oa?"
"Tunataka kuvijua tu."
"Aa. Basi ndio mwanzo wa kung'oa."

Bwana Shaame alisoma fomu, miwani ikamshuka puani.
"KAZI: mlinzi wa mbuzi. KAZI: kipa msaidizi.
KAZI: anapumzika. Wewe! Hivi ni vitu au watumishi?"
Watumishi, bwana. Hawadai posho, hawaombi ruhusa ya mazishi,
na sijasikia hata mmoja aliyechelewa kazini.
(Mimi siku ile nilichelewa. Tuliachia hapo.)

Akapuliza muhuri, akaugonga kwa nguvu za mstaafu mtarajiwa:
CHAKAVU.
Lakini nao muhuri una umri wake, wino haukufika mwisho.
Ilitoka CHAK, na nyuma yake ukungu.

Alipokwenda kuswali adhuhuri
nikaitoa kalamu,
nikaongeza herufi moja.