Asilimia Moja na Kitu

Mia huingia, moja hutoka.
Ndivyo nilivyomweleza mama kazi yangu
jikoni kwake, Wrocław, Januari ya theluji chafu:
unaipa leza umeme wa zloti mia,
inakurudishia nuru ya zloti moja,
tisini na tisa zimegeuka joto.
Mama akaacha kumenya viazi.
"Na hao wanakulipa mshahara?"

Wananilipa, mama. Kidogo.

Leza yetu haifiki urefu wa punje ya ngano.
Ndani yake nimepanga tabaka juu ya tabaka,
galiamu na aseniki, kisha alumini kidogo, kisha galiamu tena,
atomu baada ya atomu katika chombo kisicho na hewa,
usiku kucha nikikilinda kama mtoto mwenye surua,
hata ikawa ngazi, vidato mia mbili.
Elektroni hushuka.
Katika kila kidato hudondosha chembe ya nuru,
nuru isiyoonwa na jicho,
ikaayo mpakani, si redio, si joto la jua,
ipitayo karatasi na nguo na ubavu wa sanduku
bila kubisha hodi.

Hushuka, nasema. Ndivyo vitabu visemavyo.
Zetu ziliruka ukuta.
Zikipata joto kidogo tu zinalewa,
zinasahau kidato, zinapita juu ya kizuizi
na kwenda zao pasipo kulipa chochote.
Nasi tukazidi kumimina heli baridi,
lita kwa lita, kwa bei ya kuruka,
na Profesa Ziemowit akisema: ongeza mkondo.
Tukaongeza mkondo.
Ikazidi joto. Ikazimika.
Vipande kumi na saba vimelala drooni,
kila kimoja na tarehe ya kifo chake
kwa mwandiko wangu.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na jiko la vigae
refu hadi dari, rangi ya maziwa yaliyochacha.
Baba alikuwa mtu wa makaa: baridi ikiingia,
atashuka stoo na ndoo, atapanda na ndoo,
atashuka tena.
Mama hakuwahi kubeba ndoo ya pili.
Alipita na mshumaa kando ya madirisha,
na pale mwali ulipoinama
alishindilia gazeti kwa kisu cha siagi.
"Usimlishe mwizi," alisema.

Hayo yalinijia ndani ya tramu, nimesimama,
pua ya mtu mwingine begani pangu.

Kesho yake nikapandisha ukuta.
Alumini zaidi, kizuizi kirefu zaidi,
na kati yake kisima chembamba cha kunitoa jasho:
safu moja ya atomu ikizidi, kazi yote takataka.
Mkondo nikaupunguza.
Profesa alikunja uso, kisha akanyamaza,
na kunyamaza kwake ndiyo ruhusa.

Saa tisa usiku, Machi, mshale wa mita ukacheza.
Nilidhani ni pampu inayotetemesha meza.
Nikazima pampu.
Mshale ukabaki palepale.
Asilimia moja na nukta mbili.
Jana ilikuwa sifuri nukta nane.
Haba na haba, wasema, hujaza kibaba;
hiki hakikujaa, hakikufunika hata kitako,
lakini nililia, na barakoa ikaninata usoni,
na hapakuwa na mtu wa kumwamsha.

Jumapili nilimpelekea mama habari
na ukanda wa sponji wa kuzibia dirisha.
Habari aliisikia nusu. Ukanda aliupima kwa kidole.
Nikabandika. Akaleta mshumaa.
Mwali ulisimama wima dirisha zima,
isipokuwa pembe ya chini, kushoto.
"Pale," akasema, "bado panakula."
Akanipa kisu.