Daftari la Nsimire

Patroni alikiweka kaunta siku ya Jumatatu,
kioo cheusi, kipana kama sahani ya samaki,
akasema: Mama Nsimire, mfundishe.
Mfundishe! Kana kwamba ni mtoto wa shangazi
aliyeshuka kutoka Walungu na begi moja la nailoni.

Nikafungua daftari langu la miaka kumi na tisa,
nikamfundisha.
Mgeni wa namba saba hataki mto wa manyoya, humpigisha chafya.
Mzee wa kahawa kutoka Idjwi hulipa kwa franga zilizokunjwa mara nane,
usizihesabu mbele yake.
Watu wa mashirika huuliza maji ya moto kabla ya bei.

Kikameza yote.
Kikajibu kwa Kifaransa, kwa Kichina,
kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu,
Kiswahili kisicho na jasho,
saa nane za usiku, bila kupiga miayo.

Mwezi wa pili Cirhuza, wa zamu ya usiku, akaambiwa apumzike kidogo.
Kidogo hicho hakikuandikwa tarehe.
Namwona pale Nyawera akiuza vocha,
ananipungia mkono uleule uliokuwa ukibeba masanduku.

Bisimwa wa jikoni anacheka:
hiyo mashine yenu itakaanga sambaza?
Anacheka, ila siku hizi anafika kabla ya adhana,
anasugua sufuria ambazo tayari zinang'aa.
Sote tumeanza kusugua vitu safi.

Umeme ukikatika, na Bukavu hukatika,
kioo kinakufa, ziwa linabaki na taa za ng'ambo,
nami nawasha mshumaa, nasema karibuni.
Msiniambie huo ni ushindi.
Patroni ameshaagiza betri.

Karo ya Ombeni nimelipa nusu.
Nusu nyingine nailalia macho wazi.

Lakini kuna ukurasa niliuchana.

Kila Novemba huja mama mmoja, peke yake,
huomba chumba cha kumi na moja na vikombe viwili.
Hunywa kimoja.
Kile cha pili mimi hukijaza chai,
hukiacha kipoe mbele ya kiti kitupu,
siulizi, wala siji kukiondoa mpaka asubuhi.

Hilo sikulifundisha.
Limo kwenye fundo la kitenge changu,
pamoja na pesa ya maharagwe.
Labda ni wizi. Sijui.

Leo ni tarehe ishirini na nane Oktoba.
Sijui nani atakuwa kaunta.