Kipengee cha Saba

Karatasi ya ajenda niliisoma kabla yao,
saa kumi na mbili unusu asubuhi, nikipanga viti:
cha kwanza, dua; cha pili, kumbukumbu za kikao kilichopita;
cha sita, fedha za Bustani ya Mizambarau;
cha saba, huduma za usafi katika majengo ya kaunti.
Cha saba ni mimi.
Mimi na Kadzo, na Mbwarali wa ngazini, na mafagio yetu kumi na moja,
tumeandikwa kwa herufi ndogo
baina ya bustani na mengineyo.

Wakaingia. Chupa za maji thelathini na nane,
kila mheshimiwa na yake.
Dua ikaombwa kwa mkato,
maana kipoza hewa cha upande wa kushoto kilikuwa kimekufa
na joto la Mombasa halina itifaki.

Mheshimiwa Mwakoyo akasimama, akaitaja nyasi.
Akaitaja tena. Jiji bila nyasi, alisema, ni uso bila nyusi,
na wenzake wakagonga meza kwa utamu wa vina.
Milioni tisa:
sita za ua wa chuma,
mbili za lango,
moja ya kongamano la kuzungumzia ua na lango.
Mimi nangojea bomba.
Naijua bustani ile. Mjukuu wangu Fumo hucheza pale
kwenye pembea yenye mnyororo mmoja,
na akishikwa na haja hukimbia nyumbani,
maana choo kina mlango, mlango una kufuli,
kufuli lina ufunguo, na ufunguo una bwana
aliye likizoni tangu Mfungo Sita.
Kisiwa kizima kimezungukwa na maji,
na bomba letu, ukilifungua, hupiga mluzi.
Hakulitaja.

Jukwaani kwa wananchi, Bi Nyevu Shali akanyanyua mkono.
"Ni ufunguo tu nataka kuulizia."
Spika akamwambia, kwa upole, mkono wa jukwaani hauhesabiwi.
Akaushusha polepole,
kama mtu anayeanua nguo ambayo haijakauka.

Wanaokubali waseme ndiyo.
Ndiyo.
Wanaopinga waseme la.
Kikohozi kimoja, upande wa kushoto.
Wa ndiyo wameshinda.

Kisha chai.
Kipengee cha saba kilijadiliwa mahamri yakiwa kinywani,
na aliyeyapitisha mahamri ni mimi.
"Kazi hii tuipe kampuni," alisema mmoja,
akipokea kikombe bila kunitazama. "Watu hawa ni gharama."
Kikombe hakikutetemeka.
Miaka kumi na tisa nimevishika vizuri.
Kadzo, mlangoni, akanikonyeza: subiri.
Yule kijana wa viti maalumu akauliza
kampuni itafagia kwa mikono ya nani.
Hakuna aliyemeza.
Kikaahirishwa. Neno zuri, kuahirishwa:
si kufa, si kupona,
ni mgonjwa kuambiwa arudi Jumanne.

Jioni nikakusanya chupa.
Wengi walikuwa wamekunywa funda mbili tatu,
wakaziacha zikitoka jasho juu ya hotuba zao.
Nikazimimina ndoo moja, ikajaa, tukaanza ya pili,
tukazibeba mimi na Kadzo hadi Mizambarau
kwenye miche mitano iliyopandwa siku ya kupigwa picha,
ambayo haijaonja tone tangu mpiga picha aondoke.

Fumo akaruka kutoka kwenye mnyororo wake.
"Nyanya, maji haya ya nani?"
Ya waheshimiwa.
"Wametupa?"
Na lugha yetu ilivyo, sikujua
anauliza kama tumepewa
au kama yametupwa.
Mche wa kwanza ulikuwa umeshainamisha shingo.
Ndiyo, nikamwambia,
nikainamisha ndoo.