Bambo

Nachoma gunia ubavuni, bambo linateleza ndani,
punje kumi na mbili zinaniangukia kiganjani,
nami nasoma.

Manzese, saa mbili asubuhi, mashine ya pili haijawashwa.
Kongwa sijawahi kufika. Sijui hata njia yake inapokatia.
Lakini kila Juni Kongwa huniletea barua
zilizoandikwa kwa wanga.

Hii ndogo, bapa, yenye kovu pembeni:
jua lilikaa wiki tatu mbelewele zikifunguka,
ndevu za mahindi zikakauka zikisubiri.
Hii nzito, inang'aa kama jino la mtoto:
imetoka bondeni, kwenye udongo mweusi
unaoshika maji kama mchoyo ashikavyo sarafu.
Na hizi ni za kichanga. Mvua iliingia, ikaaga, ikapita.
Ukizikoboa unabaki na pumba
na kasembe ka kuombea radhi.

Natia moja chini ya gego.
Hindi kavu hulia ka!
Hili linanung'unika.

"Ngapi?" anauliza Chibago, mwenye mzigo.
Amelala juu ya magunia yake njia nzima,
pindo za suruali bado zina wekundu wa shamba.
Kipimo kinasema kumi na sita na nusu.
Tajiri anataka kumi na tatu na nusu, basi;
hataki kuvu, hataki ile sumu isiyo na rangi
kwenye uji wa watoto wa watu.
Namwambia.

Habishi.
"Desemba niliiita, haikuja. Nikapanda mara mbili.
Imekuja Mei, mahindi yameshakauka yamesimama,
kama mgeni aliyechelewa harusi
akaamua kula mpaka mbegu."

Ndipo juu ya bati: pa. Pa, pa.
Mvua! Ya Dar, ya bure, isiyotumwa na mtu,
inanyeshea lami, inanyeshea makontena,
inajaza mitaro ya Tandale
ambako hakuna hata bua moja la kuisema asante.
Vijana wanakimbilia turubai, wanatukanana, wanacheka.
Chibago hakimbii.
Anasimama mlangoni, anaikazia macho
kama mtu aliyemkuta mdaiwa wake
akitumbua mjini.

Naandika: magunia arobaini na moja, daraja la pili.
Nafuta. Naandika: yaanikwe kwanza.
Nampa sakafu ya stoo ya nyuma kwa siku nne,
na reki, na ufagio,
na tajiri akiuliza nitajua la kusema.

Usiku nasonga ugali.
Mfuko wa unga uko mezani, una jina la kampuni,
una picha ya hindi lililonona, linatabasamu, halina kovu.
Naugeuza, nasoma nyuma, nasoma chini,
uzito, tarehe, namba ya simu.
Mei haimo.