Siku ya Tisa

Sindano haikupiga kelele.
Ilipenya glavu mbili, ikanionja kidole,
nami nikaendelea kumshika mkono Hıdır,
mchunga kondoo wa milima ya Tokat,
aliyekuwa akivuja damu ufizini
na kuniomba radhi kwa kuichafua shuka.

Kupe mmoja tu, alisema. Nilimng'oa kwa kucha.

Sasa nahesabu.
Kipimajoto asubuhi, kipimajoto usiku:
thelathini na sita nukta saba,
thelathini na sita nukta tisa.
Hizo mbili zilizoongezeka
nililala nazo kitanda kimoja.

Cemal huweka supu ya dengu mlangoni,
hubisha mara mbili, hurudi nyuma hatua nne.
Nazisikia. Zamani zilikuwa tatu.
Binti yetu hupenyeza michoro chini ya mlango:
mimi na miwani, mimi na barakoa,
na ile moja isiyo na barakoa wala mdomo.
"Nimesahau ulivyo," anasema.

Daktari Nurhan anasema uwezekano ni mdogo.
Mdogo kama nini? Kama kupe?

Jana walipiga simu wodini:
Hıdır ameketi, amekula mtindi,
ameuliza yule dada aliyechomwa yuko wapi.
Nikalia. Sijui nilimlilia nani.

Mwiba hutokea ulikoingilia, husema watu,
lakini huu haukuacha mlango.
Nageuza kidole dirishani, nakitafuta kitone,
sikioni.

Naweka kipimajoto kwapani.
Cemal amebisha.
Ngoja kwanza, namwambia. Ngoja kilie.