Gunia la Pumba

Nyuma ya mashine ya kusaga, Uyole,
Ambakisye hunyanyua mikebe ya saruji, kilo themanini,
juu ya sakafu. Mapaja yanaguna, basi.

Leo kasimama juu ya gunia la pumba.
Themanini imegoma. Arobaini
inamtetemesha kama kuku aliyenyeshewa:
vifundo vinabishana, tumbo linajikaza lenyewe,
misuli midogo, isiyo na jina mtaani,
inaamka, kila mmoja ukidai zamu.

"Nimedhoofu?"

Simjibu. Namtazama mama Tusajigwe
akishuka mteremko wa viazi, mvua ya Machi,
debe kichwani, tope likimkimbia chini ya nyayo.
Vidole vinachimba, vinaachia, vinachimba.

Shingo haina habari.