Nambari Tano

Mashine yangu ya taipu ilikuwa na ugonjwa wa herufi L.
Ukiigonga taratibu haitoki,
ukiigonga kwa hasira inatoboa karatasi.
Nilikaa nayo barazani, mkabala na Posta,
Barabara ya Digo, kati ya muuza mabuyu
na fundi saa asiyesema na mtu kabla ya adhuhuri.
Bei nilikuwa nimeiandika kwenye boksi la sabuni:
MSTARI MMOJA SHILINGI TANO. SALAMU BURE.

Bi Nana Famau alilisoma boksi mara mbili,
midomo ikienda, vidole vikihesabu.
Alikuwa ametoka kambini Jomvu kwa miguu,
nauli imo fundoni mwa leso, haijaguswa,
imekuja kuwa mistari.

"Niandikie," akasema, "kwa hao wenye magari meupe.
Sisi tuko tisa. Wanne tuko huku,
waliobaki wako Kismayu, mizinga yawapita juu ya dari.
Waambie wawatoe. Waambie vachu si magunia
ya kungoja meli ijisikie."

Alisema vachu, sikumuuliza maana.
Kibajuni kiliniingia sikioni kama jamaa
apitaye mlango wa uani, viatu mkononi.

Fomu ilitaka jina, umri, mahali alipo.
Moja: Nana Famau, thelathini na nne, Jomvu.
Mbili, tatu, nne: wanawe, Jomvu.
"Tano," akasema. "Lali. Miaka saba."
Nikaipiga L, ikatoboa.
"Yuko wapi?"
"Kismayu. Nyuma ya msikiti, upande wa kibla.
Tulimweka usiku. Maji hayakutosha."

Vidole vikanisimama hewani.
Kunguru wawili waligombania ganda la kiazi.
Nikamwambia, kwa ile sauti ya wajane wa pensheni,
"Mama, hii ni orodha ya walio hai."

"Ni orodha ya watu wangu.
Ukimruka, mamangu atakaa nafasi yake,
na mamangu hatakubali,
huyo ndiye aliyekuwa akilala ubavuni pake."

Nikaandika. Mahali alipo: Kismayu.
Sikusema uongo. Hakuna kisanduku katika fomu ile
kinachouliza juu ya mchanga au chini.

Sita, mamake, magoti hayana kazi.
Saba, mume, Shee, aliyerudi kumchukua huyo mama.
Nane na tisa, mapacha wa dadake, ambaye sikumuuliza.
Akalipa mistari kumi na minne,
akaondoka na leso nyepesi.

Jibu lilikuja katika sanduku langu la posta
baada ya Idi mbili.
Safari hii walikuja wengi: kikongwe juu ya mkokoteni,
mapacha wameshika magurudumu,
Shee amekonda kama mbavu ya mwavuli.
Nikawasomea, mkokoteni ukizuia njia, watu wakitusonya:
Familia imekubaliwa. Wanane wamefika mbele ya maafisa.
Nambari tano hakufika. Tafadhali elezeni.

Nilikuwa na wino mweupe, kichupa kizima.
Kufuta jina ni kazi ya dakika moja.
Shee akasema chinichini, akitazama viatu vyangu,
"Nana. Mfute, twende."
Kikongwe akageuza uso, akatazama ukuta wa Posta.

Nana hakumjibu.
Alifungua fundo kwa meno.

"Andika: amechelewa."

Nikangoja yafuatayo.
"Basi?"
"Ni mstari mmoja," akasema,
akaiweka shilingi tano juu ya mashine.

Nikaanza. A, m, e.
Nilipofika kwenye L niliigonga taratibu,
kama mtu anayerudisha mlango wa chumba
cha mtoto aliyelala.
Haikutoka.
Nikarudi nyuma, nikaigonga tena.